Akumu Aandikishwa Kilio

Akumu alikamatwa siku ya Alhamisi, mafuta yakiwa ndiyo kwanza yamechemka. Hilo lilimkera kuliko mengine yote, na mpaka leo ukimuuliza habari za kukamatwa kwake ataanza na mafuta. Karai lilikuwa jikoni, mapanki yamekwisha kutiwa chumvi, yale mafupa ya sangara tunayoachiwa sisi baada ya minofu kupanda ndege, na wateja watatu wa Mabatini wamesimama na sahani zao. Mara gari la polisi likasimama. Askari wawili wakashuka, na mmoja, kijana mwembamba aitwaye Nestory, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Samaki bado, subiri."

"Hatujaja kula, mama. Unahitajika kituoni."

Hebu fikiria. Mtu anakuamkia kwa adabu zote, unamwitikia, kumbe amekuja kukukamata! Akumu anasema angejua asingeitikia. Alimwita jirani yake Favour, fundi cherehani, amwangalizie karai, akafunga khanga ya pili kiunoni, akapanda gari bila kushikwa mkono na mtu.

Kosa lake lilikuwa kulia.

Akumu ni mjane wa miaka hamsini na tisa, mzaliwa wa Shirati. Aliletwa Mwanza akiwa bibi harusi, akamzika mume hapa, akalea watoto wanne kwa mapanki. Lakini Wajaluo wa mjini hawamjui kwa samaki peke yake. Msiba ukitokea, yeye ndiye anayeitwa kulia. Kulia kwenyewe si kutoa machozi tu, hata mtoto anaweza hilo. Akumu huketi karibu na maiti, akamtaja kwa ukoo wake, akasimulia alivyoishi, kisha akasema wazi kilichomuua. Kama ni pombe, ataitaja. Kama ni mume mwenye mikono mepesi, atatajwa hapohapo, hata kama amekaa kiti cha mbele na tai shingoni. Na hakuna anayegombana naye, kwa sababu maneno hayo ni ya marehemu, na marehemu hadanganywi.

Kazi hiyo alirithishwa na shangazi yake kwa masharti mawili. La kwanza, usiseme uongo mbele ya maiti. La pili, usilie kilio hicho pasipo na maiti, maana ukikilia bure unakiita kifo, nacho kikija hakirudi mikono mitupu.

Sasa, wiki hiyo mvua ilikuwa imenyesha vibaya. Okeyo, fundi pikipiki, mtoto pekee wa mama mmoja anayeitwa Aluoch, alikuwa anavuka korongo kwenye magogo mawili watu waliyoyalaza wenyewe, maji yakamzoa. Mahali hapo pameahidiwa daraja miaka sita. Mheshimiwa fulani alikuja kuweka jiwe la msingi, akapigiwa vigelegele. Miaka ikapita, nyasi zikaota, akaja tena kuweka jiwe la pili, pembeni ya lile la kwanza, akapigiwa vigelegele tena. Jina lake na cheo chake hatutavitaja hapa. Anayesimulia naye ana karai lake jikoni.

Jumanne asubuhi mwili ulipatikana, ukalazwa kwenye khanga ukingoni, hatua kumi tu kutoka kwenye mawe hayo. Akumu aliitwa akaja na chumvi mikononi. Alianza kwa Kijaluo, kisha akahamia Kiswahili ili majirani Wasukuma nao wasikie. Akamtaja mheshimiwa kwa majina yake yote mawili, akasema: "Umetuwekea mawe mawili ya msingi, daraja hatujaliona. Njoo basi uweke la tatu. Uliweke hapa, kifuani pa mwanangu Okeyo, labda hili litajengewa."

Watu waliangua kilio kama wameambukizana. Favour alirekodi kwa simu, akamtumia binamu yake wa Kisesa, basi. Jioni video ilikuwa mji mzima, na mtu asiyejulikana ameitia muziki wa huzuni.

Kituoni Akumu alikalishwa kwenye benchi. Nestory akafungua jalada.

"Mama, unatuhumiwa kusambaza maneno ya kumdhalilisha kiongozi mtandaoni."

"Mtandao upi? Mimi nina kitochi." Akakitoa kifuani, simu yake ndogo ya vitufe iliyofungwa raba. "Hiki kinasambaza nini? Hata tochi yenyewe imekufa."

"Lakini wewe ndiye uliyesema."

"Nililia."

"Ulilia ukisema nini?"

Akumu akakirudisha kitochi kifuani. Nestory akaeleza kwamba video ina kelele nyingi: vilio, jenereta la mtu, na mbwa mmoja anayebweka hasa pale kwenye jina. Hivyo yanatakiwa maelezo ya Akumu mwenyewe, neno kwa neno, yaandikwe, asomewe, asaini. Dhamana ipo, lakini baada ya maelezo.

"Haiwezekani," Akumu alisema. "Kilio hakirudiwi pasipo na maiti."

"Mama, si lazima ulie. Sema tu."

"Kusema ndiko kulia kwenyewe. Wewe kwenu wapi?"

"Nansio."

"Na huko Nansio mama yako akikaa sebuleni na kuanza kulilia mfu, na nyumbani hakuna aliyekufa, mtamwambiaje?"

Nestory aliitazama kalamu yake. Alijua vizuri wangemwambiaje. Lakini mkuu wa kituo, afande Luhende, hakutaka habari za Nansio. Alitoka ofisini akiwa na simu sikioni, anajibu "ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa," kisha akatangaza kwamba huyu mama atakaa ndani saa arobaini na nane, atafakari.

Akumu akahesabu. Alhamisi mchana hadi Jumamosi mchana. Na Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi ndipo Okeyo alipaswa kutolewa chumba cha maiti na kusafirishwa kwenda kuzikwa kwa baba zake, Rorya. Aliyeanzisha kilio ndiye anayekifunga kaburini. Asipokifunga, Okeyo atashushwa ardhini na habari yake imekatwa katikati, kama mtu aliyeondolewa mezani kabla hajashiba. Akumu hakuwahi kumfanyia maiti yeyote hivyo, hata wale ambao hakuwapenda walipokuwa hai.

Alikasirika, jamani. Alikasirikia sakafu, akakasirikia ndoo ya pembeni, akamkasirikia mwanamke waliyewekwa naye, aitwaye Precious, ambaye kosa lake lilikuwa kumpiga mtu na mwiko na ambaye alikoroma kwa raha zake. Watu sita, alisema moyoni, watu sita wenye mishahara na kofia wamekaa kuchunguza kilio cha muuza mapanki. Na kwenye korongo je, nani amekwenda kuchunguza?

Ijumaa afande Luhende alimwita ofisini na sauti laini.

"Mama, mheshimiwa si mtu mbaya. Anasema yaishe. Wewe omba radhi tu mbele ya simu, dakika moja. Sema uliyoyasema hayakuwa ya kweli, ni uchungu tu ulikupanda. Leo hiihii unakwenda nyumbani na kesho unakwenda kuzika."

"Niseme mawe si mawili?"

"Usiseme habari za mawe."

"Niseme daraja lipo?"

"Mama Akumu!"

"Afande, nionyeshe neno moja la uongo, moja tu, nitaliombea radhi kwa magoti."

Luhende akaita arudishwe ndani.

Alasiri Aluoch akaja na bakuli la ugali na dagaa. Ukubwa wa msiba wake ungetosha asamehewe lolote, lakini alichosema kilimchoma Akumu mpaka mfupani.

"Dada, omba radhi utoke."

"Na wewe, Aluoch?"

"Mimi sina mtoto mwingine. Kesho namzika. Nani atanililia mwanangu? Hao wapiga kelele wa kule, ambao hawajui hata alikuwa anapenda chai ya tangawizi? Waambie wanachotaka. Mungu anajua."

"Mungu anajua, lakini Okeyo je? Leo niseme nilidanganya mbele yake, kesho nikakae naye tena kwa mdomo upi?"

"Basi waandikishe hayo maelezo yao wakutoe kwa dhamana!"

"Niyaseme wapi? Humu? Kilio hakisemwi pasipo na maiti, Aluoch, na una machozi tele lakini hilo unalijua."

Aluoch aliinuka. Hakuaga. Alichukua bakuli lake, chakula kikiwa nusu, akaondoka, na Akumu akabaki ameshika tonge lililopoa akijiona mtu mwenye roho mbaya kuliko wote kanda ya ziwa. Alikaribia kumwita Nestory amwambie walete hiyo simu yao. Alikaribia kweli. Kilichomzuia si ushujaa, alisema baadaye; ni hasira. Alishindwa kupata sura ya kuweka mbele ya simu ambayo haikuwa ya matusi.

Jumamosi, jua halijapanda sana, lilisikika Fuso linaguruma nje ya kituo, na nyuma yake watu wakiimba. Halikupita. Liliingia uani likazimwa. Akumu, aliyekuwa akipelekwa kunawa uso, alisimama mlangoni akaona wanaume wanne wanateremsha jeneza na kuliweka chini kwenye vumbi, chini ya bendera. Mzee Okomo, kiongozi wa ukoo, alikuwa anahangaika pembeni, "Mama, njia si hii, mama, tunachelewa." Aluoch hakumsikiliza.

Afande Luhende alitoka mbio akifunga vifungo.

"Nyinyi! Hapa ni kituo cha polisi! Mmeleta maiti kufanya nini?"

"Mlitaka maelezo," Aluoch alisema. "Dada yangu akawaambia hawezi kuyatoa pasipo na maiti. Nimewaletea maiti."

Askari, kwa mazoea ya nyumbani kwao, mmoja baada ya mwingine walivua kofia. Luhende aliangalia geti, akaona watu wanazidi kuingia, wengi wameinua simu. Aliangalia jeneza. Hakuna kitabu cha utaratibu kilichowahi kumwambia maiti ikija kituoni kwa miguu ya wenzake inafunguliwa jalada gani.

"Muondoke naye," alisema kwa sauti ya chini. "Mchukueni mama yenu mwende."

"Siendi," Akumu alisema. "Nimelala siku mbili kwenye sakafu kwa ajili ya maelezo. Mwanangu Nestory, leta karatasi."

Akakaa chini, miguu ameinyoosha, mkono mmoja juu ya ubao wa jeneza. Akamtaja Okeyo kwa baba yake na babu yake. Akasema spana zake na chai yake ya tangawizi. Akasema mvua, magogo, miaka sita, mawe mawili. Akamtaja mheshimiwa, majina yote mawili, na safari hii hapakuwa na jenereta wala mbwa. Nestory alipiga goti moja kwenye vumbi, karatasi juu ya paja, akaandika mpaka karatasi ya tatu. Mara mbili aliacha kuandika ili afute macho kwa mkono wa shati.

Alipomaliza akampa kalamu.

"Saini hapa, mama."

"Ulisema nitasomewa kwanza."

Nestory akamgeukia mkuu wake. Luhende alikuwa anautazama ukuta. Utaratibu ni utaratibu. Maelezo yasiyosomwa ni karatasi tu. Basi kijana akasimama, koplo wa Jamhuri katika sare yake yote kasoro kofia, akasoma kwa sauti mbele ya jeneza na mbele ya simu zile zote. Akasoma mvua na magogo. Akasoma miaka sita. Alipofika kwenye jina, sauti yake ikashuka, akalimeza harakaharaka, akarukia mawe.

"Hapo kwenye jina sikusikia vizuri," Akumu alisema. "Rudia, mwanangu, siwezi kusaini nisichokisikia."

Nestory akavuta pumzi, akarudia.