Muhula wa Masomo Mawili

Asubuhi niliyoiona meli ile ikiingia bandari ya Kigoma kwa mara ya kwanza, sikutambua kuwa kilichojaa juu yake ni watu. Nilidhani ni mizigo. Vitenge, magodoro, ndoo za njano, vyote vilibanana mpaka kwenye ngazi, na meli imelala upande kidogo kwa uzito. Kisha ule mzigo ukaanza kuinua mikono. Mkono mmoja, halafu mingi, bila kelele yoyote. Nilizoea kuona watu wakishangilia wanapofika bandarini. Hawa walikuwa kimya kabisa, na ukimya ule ulinitia baridi mwilini jua likiwa limeshachomoza.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja pale mjini, nasomea ualimu. Mimi ni Mrundi. Nilikuja Tanzania kwa basi, nikiwa na pasipoti na barua ya kukubaliwa chuoni, siku ambazo kwetu bado kulikuwa na utulivu, na nikapewa kibali cha kuishi kama mwanafunzi wa kigeni. Wale waliokuwa melini walitoka nchi ileile, wengine mkoa uleule, lakini wao walikuwa wakimbizi na mimi nilikuwa mwanafunzi. Mkimbizi alitakiwa kambini. Mwanafunzi alitakiwa darasani. Katikati ya hayo mawili hapakuwa na mahali pa kusimama.

Mama yangu alikuwa amebaki nyumbani, kwenye mlima wetu kusini mwa Burundi. Kwetu mtu akiuliza unatoka wapi, unataja mlima, kwa kuwa kila mlima una jina lake na watu wake. Simu yake ilikuwa imezima tangu ghasia zilipoanza. Kwa hiyo nilianza kwenda bandarini kila meli ilipotia nanga, na kutoka bandarini nikawafuata watu mpaka kwenye uwanja wa mpira, walikopumzishwa kabla ya kupelekwa kambini kwa mabasi. Nilipita nikitazama nyuso. Siku ya pili au ya tatu daktari mmoja akanishika mkono.

"Dada, unajua Kirundi?"

"Ni lugha yangu."

"Na Kifaransa? Na Kiingereza?"

"Ninavijua."

"Basi simama hapa."

Alikuwa mtu wa Tanga aliyehamishiwa Kigoma, mrefu, mpole wa sauti, na kila alipomaliza kumtazama mgonjwa alisema "alhamdulillahi" hata kama hali ilikuwa mbaya. Waha wa pale walielewana na wageni bila shida, maana Kiha na Kirundi ni ndugu, lakini wagonjwa walikuwa wengi kuliko wakalimani. Nikasimama pale. Kesho yake nikarudi, na kesho yake tena.

Kuna jambo moja nililoliona pale ambalo bado linanisimamisha nywele. Mwanamke mmoja alishuka kwenye gari lililomtoa bandarini, akatembea mwenyewe mpaka kwenye meza yetu, akaniambia kwa adabu, kana kwamba anaomba maji, kuwa mtoto anatoka. Wanawake wenzake wakamzungushia vitenge. Daktari akapiga magoti kwenye nyasi za goli, mimi nikiwa kichwani kwa mama yule, nikitafsiri. Mtoto akatoka, msichana, akalia. Nilipomuuliza yule mama uchungu ulianza lini, akasema ulianza kabla hajapanda meli.

"Mbona hukumwambia mtu?"

"Wangeniacha ufukweni," akasema. "Nikaufunga mdomo."

Usiku kucha, juu ya maji, katikati ya watu waliosongamana hivyo, na hakutoa sauti. Nilimtafsiria daktari. Alivua glavu zake, na safari hii hakusema ile alhamdulillahi yake. Alisema tu, "Subhanallah," polepole, akaenda kunawa.

Nilipanga chumba mtaa wa Gungu, kwa mama mmoja mjane aliyekuwa akiuza dagaa soko la Katonga. Wazazi wake walitoka Kongo zamani, ng'ambo ya ziwa, naye alizaliwa Ujiji. Alikuwa mkali kwa wapangaji wengine, ila kwangu alikuwa na kawaida ya kunifunikia sahani ya ugali na samaki wa mgebuka nikichelewa. Katika siku zile nilikuta sahani nyingi na sikumaliza hata moja.

Chuoni nilikuwa nimejiandikisha masomo matano. Nilikosa vipindi, nikakosa jaribio moja, na jingine nililifanya nikiwa nimeandika jibu zima kwa Kifaransa bila kujua. Hapo nikaona niende kwa mratibu wa taaluma, nimwambie nataka kuacha masomo matatu, nibaki na mawili mpaka nimpate mama.

Mratibu alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Moshi, mwenye miwani ya mnyororo. Wanafunzi tulimwogopa kwa sababu hakuwahi kupandisha sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa." Nikamweleza nilichotaka. "Usiniambie umeshaacha hayo masomo."

"Bado."

"Afadhali." Akaweka kalamu chini. "Sikiliza, mwanangu. Mwanafunzi wa kigeni anasoma masomo yote ya muhula. Kibali chako kinasema umekuja nchini kusoma. Ukipunguza bila idhini, chuo kinalazimika kutoa taarifa uhamiaji, na kibali kinakoma. Kikikoma, wewe si mwanafunzi tena. Unajua utakuwa nani?"

Nilijua.

"Wenzangu wa hapa wakipata matatizo wanaahirisha mwaka," nikasema. "Mimi siwezi?"

"Mtanzania akiahirisha, anarudi kwao. Wewe ukiahirisha unarudi wapi?"

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe alivua miwani. Nje wanafunzi walikuwa wanacheka kwenye kibaraza.

"Sababu zinazokubalika ni mbili," akaendelea kwa sauti ya chini zaidi. "Uwe muhula wa mwisho na umebakiza masomo machache, au uwe unaumwa na daktari athibitishe. Ombi linakuja kabla ya kuacha masomo, si baada. Na ni kwa muhula mmoja."

"Mama yangu sijui yuko wapi."

"Najua, mwanangu. Hilo halimo." Akanitazama. "Natamani lingekuwemo."

Nilitoka pale nikiwa na wazo moja tu. Daktari ninamjua. Nimesimama pembeni yake wiki nzima, hawezi kuninyima mistari miwili. Njia nzima ya kwenda uwanjani, nyuma ya bodaboda, nilikuwa natunga ugonjwa wa kumwambia: tumbo, mgongo, kichwa. Nilipofika nikasubiri apate nafasi, nikaeleza kila kitu, sheria na sababu zake mbili, kisha nikasema, "Naomba uniandikie kuwa ninaumwa."

Hakukasirika. Alinikalisha kwenye kile kiti cha wagonjwa, ambacho nilikuwa sijawahi kukikalia, akanivuta kope za chini, akanishika mkono, akatazama saa yake.

"Mara ya mwisho umekula sahani ukaimaliza ni lini?"

Nikafikiri. Sikukumbuka.

"Usiku unatoka jasho?"

"Kigoma kuna joto."

"Nimekuuliza unatoka jasho."

Akanitoa damu kidoleni, akampa mtu wa maabara. Majibu yaliporudi aliyasoma mara mbili. Malaria ilikuwa imejaa, na damu yangu imepungua kiasi kwamba alinionyesha viganja vyangu kando ya vyake ili nione weupe wenyewe. Nilivitazama kama viganja vya mtu mwingine. Kwa siku nyingi nilikuwa nimetafsiri homa za watu, kizunguzungu cha watu, miguu ya watu inayotetemeka, na sikusikia kwamba mwili wangu ulikuwa unasema maneno yaleyale.

"Umekuja nikuandikie ugonjwa," akasema. "Ninao wa kukuandikia, tena wa kweli. Lakini nikiandika, utaufuata. Dawa, chakula, kulala. Hapa uwanjani sikutaki."

"Nitamwonaje mama akija?"

"Ukianguka hapa utamwona vipi?"

Mratibu alipokea barua ile, akaisoma, akaniangalia viganja bila mimi kumwonyesha. Idhini ilitoka baada ya siku chache. Nikabaki na hisabati na saikolojia ya mtoto, na kibali changu kikabaki hai. Nilipata nilichokitaka, na papo hapo nikakosa nafasi ya kumtafuta mama, kwa kuwa sasa nilikuwa kitandani Gungu nikisikia honi ya meli kwa mbali na siruhusiwi kwenda.

Siku ya kwanza nililia. Mama mwenye nyumba akaingia akiwa na uji, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mlima wenu unaitwaje?"

Nikamtajia.

"Sema tena."

Nikasema tena. Akajaribu, akakosea. Jina lile lina irabu fupi na ndefu, nazo ulimi wake haukuzijua. Alirudia mpaka uji ukapoa.

Sikujua alichokusudia mpaka jirani aliponisimulia. Kila siku, akishauza dagaa wake Katonga, hakurudi nyumbani. Alipanda bodaboda mpaka uwanjani, bado ananuka soko, kilemba kichwani, akaomba aruhusiwe kuingia, kisha akawa anapita katikati ya maelfu ya watu akiita jina la mlima wetu kwa sauti ya muuza samaki. Mwanzoni watu walicheka matamshi yake. Halafu wakaanza kumsahihisha. Halafu waliosahihisha wakawa wanaita pamoja naye, kutoka mstari mmoja wa mikeka hadi mwingine, watu wasiomjua mama yangu wala mimi, mpaka jina la mlima mdogo ambao haumo kwenye ramani yoyote ya shule likawa linazunguka uwanja wa mpira wa Kigoma.

Alasiri moja mlango wangu uligongwa kwa nguvu.

"Vaa," mama mwenye nyumba akasema. Alikuwa anahema. "Mtu ameitikia."

Nilimkuta mama yangu uwanjani, ameketi akiegemea ukuta, miguu ameinyoosha mbele, imevimba. Alikuwa ameshuka milimani kwa miguu, akalala porini, akasubiri ufukweni mpaka zamu yake ya meli ilipofika. Nilipiga magoti nikamshika. Yeye akanisukuma kidogo ili anitazame vizuri.

"Umekonda," akasema kwa Kirundi. "Aliyevuka ziwa ni mimi au ni wewe?"

Nikacheka na kulia kwa pamoja, na mama mwenye nyumba, ambaye hakuelewa neno, akalia pia.

Basi la kwenda kambini lilikuwa la kesho yake. Nilimwambia mama nitakwenda naye. Nitajiandikisha kama yeye, tutakaa pamoja, basi. Akaniuliza shule itakuwaje. Nikamweleza kwamba nimeruhusiwa kubaki na masomo mawili badala ya matano kwa sababu ya ugonjwa, na kwamba nikiondoka hata hayo yanakwisha, na kibali nacho.

"Wamekuachia mawili ukiwa mgonjwa?"

"Ndiyo."

"Nani?"

Nikamtajia mratibu, na daktari. Akatikisa kichwa kwa mshangao, kama mtu aliyesikia kwamba mvua imenyesha mahali pasipo na wingu.

"Basi hayo mawili usiyaache," akasema. "Mimi ninakwenda kukaa. Kukaa sihitaji msaidizi."

Kesho yake alipanda basi akiwa ameegemea bega langu upande mmoja na la mama mwenye nyumba upande wa pili. Alipata kiti cha dirishani, na jambo la kwanza alilofanya ni kumwomba aliyeketi naye amsaidie kufungua dirisha.

Nilifaulu masomo yote mawili. Muhula uliofuata mratibu aliniita mapema, akanikumbusha kuwa idhini imekwisha, nami nikajiandikisha masomo yote kamili. Yale matatu niliyoyaacha niliyasoma baadaye na darasa la nyuma yangu, kwa hiyo nilimaliza nikiwa nimechelewa kuliko wenzangu. Likizo zikifika niliomba ruhusa ya kuingia kambini, nikamkuta mama kwenye nyumba ya turubai, amepanda maharage mpaka mlangoni.

Siku ya mahafali yangu mama alipata kibali cha kutoka kambini. Mratibu alikuja mpaka alipoketi, akainama, akamwamkia shikamoo, na mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado cha kuokoteza, akaitikia marahaba kwa sauti kubwa kupita kiasi, watu wakageuka.

Jioni mama mwenye nyumba alitupeleka Katonga. Dagaa walikuwa wameanikwa, na wanawake wanawageuza. Mama alisogea mpaka maji yakamgusa vidole. Ziwa lilikuwa limetulia, na milima ya Kongo inaonekana ng'ambo, rangi ya bluu iliyofifia.

"Ni ziwa hili nililolivuka?" akaniuliza.

"Ni hili."

"Sikuliona. Nilifumba macho njia nzima." Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akitafuta linapoishia, halafu akaweka mkono kifuani. "Ee Mungu wangu. Ningefumbua, nisingefika."

Alisimama pale muda mrefu, kitenge kimelowa pindo, huku mama mwenye nyumba akimweleza kwa Kiswahili, polepole, majina ya samaki waliomo ndani, na yeye akiyarudia moja moja.