Kata Lililonyamaza

Mtungi wetu ulikaa kwenye kona ya sebule, juu ya mchanga ambao Mama aliumwagia maji kidogo kila asubuhi, na kona ile ilikuwa na harufu yake. Ilikuwa harufu ya udongo uliolowa, ambayo katika kiangazi cha Dodoma, upepo ukivuruga vumbi la mtaa wetu wa Kikuyu tangu asubuhi, ilikufanya upite karibu nayo hata kama huna kiu. Juu ya kifuniko lililala kata la kibuyu lenye mpini mrefu. Kila aliyetaka kunywa alilizamisha, na wakati wa kulitoa liligonga ukingo wa mtungi likatoa mlio mkavu: ko. Nyumba yetu ilikuwa ndogo na masikio yangu makubwa. Nikiwa chumbani nilijua nani anakunywa, kwa kuwa Mama aligonga mara moja upesi upesi, na Baba, aliyekuwa fundi cherehani, aligonga tena na tena kama mtu anayebisha hodi. Mama aliniita mdaku. Mimi nilijiona mwerevu tu, maana wakubwa wenyewe ndio waliotufundisha kwamba kuuliza si ujinga.

Kiangazi nilichokuwa darasa la nne, Bibi mzaa Mama aliletwa kwetu kutoka kijijini, upande wa Bahi, ili afanyiwe upasuaji wa macho. Nilimpenda kabla hata hajashusha mzigo wake. Alikaa chumbani kwangu juu ya mkeka akichambua karanga na kuimba kwa sauti ya puani, na nikirudi shuleni nilimkuta palepale. Lakini baada ya siku chache nikagundua jambo: kata halikuwa na mlio wa Bibi. Alikula ugali wa mtama kwa mlenda, akasukutua, akameza funda moja, basi. Nikamuuliza kama hanywi maji. "Nimekunywa," akasema. Nikamuuliza amekunywa saa ngapi. "We mtoto, siku hizi umekuwa askari?" Akacheka, lakini midomo yake ilikuwa imekauka mpaka ikapasuka.

Jumapili moja tukiwa njiani kwenda kanisani, Bibi aliketi chini ghafla katikati ya njia, akasema dunia inamzunguka. Tukampeleka zahanati. Muuguzi akaishika ngozi ya mkono wake kwa vidole viwili, akaivuta juu na kuiachia. Haikurudi upesi, ilibaki imesimama kama pindo la nguo. "Bibi, mwili umekauka huu," akasema. "Usipokunywa maji, figo zitaharibika. Na hayo macho hakuna daktari atakayeyagusa ukiwa na hali hii." Mama alilia njia nzima ya kurudi. Mimi sikulia, ila niliogopa sana. Nilidhani Bibi atafia kwenye mkeka wangu, na mtungi umejaa maji hatua chache tu kutoka alipolala.

Ndipo nikaanza upelelezi. Kidokezo cha kwanza nilikipata darasani. Mwalimu wetu wa Kiswahili, aliyetoka pwani, aliuliza malenga maana yake ni nini. Nikanyoosha mkono kwa kujiamini: "Maji, mwalimu." Nusu ya darasa wakatikisa kichwa kuniunga mkono, maana nyumbani kwa Wagogo malenga ni maji, na hapakuwa na mtu aliyewahi kutuambia vingine. Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akatueleza kwamba malenga ni fundi wa kutunga mashairi. Nilipompelekea Bibi habari hiyo, aliacha kuchambua karanga. "Basi huko kwao watu wananywa mashairi," akasema. Kisha akaelekeza kidevu kwenye mtungi: "Hayo yenu ni maji tu, yana chumvichumvi. Malenga yako kwetu korongoni."

Nikaona nimepata jibu, nikakimbia kumwambia Baba. Baba alimheshimu sana mkwewe. Akatuma ujumbe kijijini, na haikupita wiki basi likaleta dumu la maji yaliyochotwa kwenye shimo la mchanga wa korongo. Bibi aliyanusa, akatabasamu, akasema haya ndiyo yenyewe. Jioni ile alikunywa kata zima, nasi sote tukamtazama kama watu wanaotazama mtoto mchanga akinyonya. Kesho yake, mchana kutwa, kata likanyamaza tena. Kumbe haikuwa ladha.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama hasa. Jumamosi nilijilaza chini ya meza ya sebuleni nikijifanya natafuta kifungo cha sketi. Bibi akatoka chumbani akijishika ukutani, akafika mlango wa uani, akachungulia, akarudi. Baada ya muda akaja tena, akachungulia, akarudi. Alipoingia ndani nikaenda kuchungulia na mimi. Niliona kuku wawili, kamba ya nguo, na kibanda cha bati ambamo Baba alikuwa akikanyaga cherehani yake. Nyuma ya Baba kulikuwa na mlango wa choo. Hapakuwa na njia ya kufika chooni bila kukatiza mbele yake.

Nikamfuata Bibi nikamuuliza kwa sauti ya chini: "Bibi, unamwogopa Baba?" Akaniziba mdomo kwa kiganja. "Mkwe ni mkwe," akasema. "Nipite mbele yake, ajue ninakokwenda? Na alivyo na adabu, atasimamisha mashine, asimame, aniamkie. Nikitoka huko, asimame tena aniamkie. Hapana, mjukuu wangu. Bora kiu." Ikawa alisubiri giza la alfajiri, kabla Baba hajatoka, na giza la jioni, Baba akishafunika cherehani. Kati ya hapo alijizuia kunywa, na jua la Dodoma halikumwonea huruma. Mtu aliyekuwa akimletea maji kwa mapenzi yote ndiye aliyemzuia kuyanywa, wala hakujua.

Kesho yake jioni nilimwambia Mama akisonga ugali. Aliuacha mwiko umesimama ndani ya sufuria. "Mficha uchi hazai," akanong'ona, ingawa niliona kwamba hata yeye asingethubutu kupita mbele ya mkwe. Kumweleza Baba waziwazi kusingefaa. Ingekuwa sawa na kumpitisha Bibi mbele yake kwa ngoma. Usiku tulipokuwa tunakula Mama akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Baba Nyemo, ukihamishia cherehani mbele, wateja si watakuona wakipita?" Baba akasema mbele kuna vumbi. Mama akasema vumbi linafutika. Baba akamtazama, akamega tonge, akalitafuna polepole. Asubuhi alibeba cherehani begani akaiweka kibarazani upande wa barabara, na hakuirudisha uani tena. Kama alielewa au hakuelewa, mpaka leo sijui.

Saa kumi, nimesharudi shuleni na niko chumbani, nikasikia ko, halafu kimya kirefu, halafu ko nyingine, nzito, ya mtu anayekunywa bila haraka. Nilifurahi mpaka nikauma mto. Macho ya Bibi yalifanyiwa upasuaji kabla ya mvua za kwanza.

Sasa ninaishi upande wa Chimwaga, na wanafunzi wa chuo hupita dirishani kwangu kila mmoja na chupa yake ya maji. Simu yangu hunikumbusha kunywa. Hulia hata nikiwa nimetoka kunywa sasa hivi. Elimu ya maji tunayo tele. Mwezi uliopita Mama alikuja kukaa kwangu. Nikamwekea glasi mezani, na adhuhuri nikaikuta imejaa vilevile. "Nimekunywa," akasema. Nikainua macho. Mume wangu, ambaye siku hizi hufanyia kazi nyumbani, alikuwa amejipanga na kompyuta yake kwenye meza ya chakula, palepale penye mlango wa choo, na kila Mama alipojaribu kusogea yeye alisimama kwa heshima: shikamoo Mama, karibu Mama, unahitaji nini Mama.

"Kibarazani mtandao unashika vizuri zaidi," nikamwambia.

"Tangu lini?" akauliza. Nikachomoa chaja yake ukutani, nikamkabidhi. Akafunga kompyuta, akaibeba, akatoka.

Niliingia jikoni nikajifanya naosha vyombo. Nilisikia mlango wa choo ukifunguka, ukafungwa, ukafunguka tena. Kisha Mama akaniita kutoka sebuleni, kwa sauti ya mtu mwenye nafasi yake: "Nyemo, malenga yameniishia huku."