Mabati ya Bluu na Visiki vya Rodah

Watu wa hapa wakimsema Rodah huanza na lile gari la vita. Wanaanza vibaya. Rodah alianza na chai.

Alitoka upande wa Kaplong akaolewa huku Chepseon, na miche aliipanda yeye na mumewe, mtoto akiwa mgongoni. Mume alipokufa, shemeji zake walisema mwanamke hawezi shamba la chai. Walisema hivyo wakinywa maziwa yake. Aliyemsaidia kuchuma si shemeji hata mmoja, ni Dorcus, mama wa kutoka upande wa ziwa aliyejenga kanyumba kando ya shamba.

Halafu ukaja ule mwaka wa tisini na mbili. Vijana walipita na moto wakifukuza watu wa makabila mengine, Dorcus akakimbilia kanisani na wanawe. Gari la vita lilifika majivu yakiwa yamepoa. Chuma kitupu mpaka juu, tairi sita za kumfikia mtu kifuani, na ndani askari wamebanana kama kuku wa kupelekwa soko. Eti halipenywi na risasi. Risasi ya nani? Hapa watu walikuwa na viberiti na mishale.

Barabara ilikuwa imezibwa kwa magogo, kwa hivyo sajenti wao akataka kukatiza kwa Rodah afike ng'ambo ya kilima. Rodah akasimama mbele ya chai iliyojaa majani ya kuchumwa. Sajenti akamwambia aonyeshe njia, la sivyo watajichagulia. Rodah akanyoosha mkono upande aliokuwa amepogoa. Chai ikipogolewa hubaki visiki vifupi vilivyokatwa mshazari, na matawi hutandazwa juu yake jua lisiviunguze, hata mgeni akadhani ni uwanja. Rodah aliwaza kama mwenye chai: hapo hakuna jani la kuharibu, na kisiki kikikanyagwa kitachipua tena. Tairi hakuziwaza.

Gari halikufika katikati. Visiki vilichana tairi za upande mmoja, likainama kama ng'ombe anayetaka kuzaa.

"Mama, umetutega," sajenti akasema. "Nani amekutuma?"

Akaamuru aingizwe ndani ya gari. Siku hizo ukiingizwa humo, watu wako walizunguka vituo vya polisi wakikuulizia.

Na ndipo Johana, jirani, akaja na wenzake wakicheka na kupiga makofi. Akamsifu Rodah mbele ya askari, kwamba amewanasa kama fuko. Mwanaume mzima, na akili ngumu kama kwato.

Rodah akampita Johana. Alimwambia sajenti, "Afande, ng'oa kisiki kimoja. Kama nilikipigilia jana, kitatoka. Kikikataa, basi kilipandwa na marehemu kabla wewe hujajua kufunga viatu."

Askari wawili wakavuta mpaka mmoja akakaa chini. Kisiki hakikutikisika. Sajenti alikitazama, akamwachilia Rodah, kisha akauliza huyu anayecheka anacheka nini.

"Muulize kuhusu mabati ya zizi lake," Rodah akasema. "Ni ya nyumba ya Dorcus aliyefukuzwa. Hiyo rangi ya bluu tulipaka na yeye."

Johana akaacha kucheka. Zizi lilionekana kutoka pale pale, bluu kabisa. Gari lilipotengenezwa tairi, lilirudi lilikotoka na Johana ndani yake, amebanwa katikati ya bunduki.

Aliachiliwa baadaye. Tangu hapo kanisani benchi la Rodah hukaa yeye peke yake. Shemeji zake wanasema ameuza mtu wa nyumbani. Wakati wa kuchuma hakuna anayekuja kumsaidia, na majani mengine humkomalia shambani.

Mabati aliyateremsha mwenyewe kwenye zizi la Johana, mke wa Johana akimtukana kutoka mlangoni, akayapanga chini ya ghala. Dorcus alituma habari kwamba harudi huku tena. Mwaka jana shemeji mmoja alikuja kuyaomba aezekee choo.

"Yana mwenyewe," Rodah akamwambia, akaendelea kumkamua ng'ombe wake.