Matairi ya Meja

Meja hakuwahi kuwa askari. Jina hilo alilipata siku alipolitoa lile gari la jeshi mnadani na kupita nalo mbele ya maduka, kitambaa kichwani, kiwiko nje ya dirisha, akimpigia honi anayemjua na asiyemjua. Mumewe, enzi hizo angali hai, alilizunguka polepole, akaligusa bampa kwa ncha ya kiatu, akasema, "Mke wangu, umeniletea mzee mwenzangu." Kweli gari lilikuwa limekula chumvi. Milango yake ilifungwa kwa komeo kama la banda la kuku, na usukani ulikuwa mkubwa kama sinia.

Kwa gari hilo Meja alikodisha viti na maturubai. Pakiwa na harusi, msiba au mkutano, yeye ndiye aliyefika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Kupanga viti aliwaachia wengine. Usukani hakumwachia mtu.

Sasa matairi yalikuwa yamekwisha. Meno yake yalilika mpaka yakawa laini kama kisigino cha mtoto mchanga, na siku ya mvua gari liliteleza kwenye kilima cha udongo, likakaa upande, viti vikamwagika mtaroni. Hakuumia mtu. Meja alishuka akiyatukana matairi, akayatukana tena nyumbani, akawasimulia majirani. Mwanawe wa kiume, aliyekuwa amekaa kando yake garini, hakusema neno. Kwa mtu anayeongea kama redio, huko kunyamaza kulikuwa na jambo.

Wakaenda kwa shemeji, mume wa mdogo wake Meja, mwenye karakana ya matairi. Uani kwake matairi yalipandana mpaka kwenye paa, na kila kitu, pamoja na kikombe chake cha chai, kilinukia mpira.

"Meja!" shemeji alipaza sauti. "Leo umekuja kupindua serikali?"

"Nimekuja kukupindua wewe. Toa matairi, punguza maneno."

Akamtolea kwanza yaliyofungwa kwa karatasi. "Haya yametoka ghala la jeshi. Hayajawahi kukanyaga barabara. Ona, bado yana vinyweleo vya kiwandani."

Meja alichuchumaa, akabonyeza ubavu wa tairi kwa kidole gumba. Katikati ya meno pakafunguka nyufa nyembamba, nyingi.

"Shemeji, bibi harusi wako ana makunyanzi."

"Nilikuwa nakujaribu tu."

"Ulikuwa unaniuzia."

Yakabaki ya aina mbili, yote mapya kweli. Kulikuwa na membamba marefu, yenye meno manene yanayofanana ukienda mbele au ukirudi nyuma, sawa na yale ambayo gari lilizaliwa nayo. Na kulikuwa na mapana, ya kisasa, meusi ti.

"Haya mapana, Mama," alisema mwanawe. "Yanashika chini, gari litatulia. Tena hayapigi kelele."

"Rimu zitayakubali?"

"Kwa kujibana," shemeji alisema. "Ngoja nikufungie mawili ya mbele, uyajaribu hapahapa."

Jeki ikaingia, nati zikalia, na kabla chai haijapoa gari lilikuwa limesimama kwenye viatu vipya. Meja akapanda, akawasha. Kutoka pale ilibidi akate kona kati ya ukuta na rundo la matairi, vilevile kama anavyokata nyumbani, kwenye kichochoro, kati ya ukuta wa jirani na tangi la maji. Gari lile la zamani halina mashine ya kumsaidia dereva kuzungusha usukani. Ni mikono yako na bega lako.

Akazungusha. Usukani ukaja kidogo, ukagoma. Akainuka nusu kwenye kiti, akauvuta kwa uzito wa mwili mzima. Bega la kulia likamchoma hadi shingoni, mikono ikamlegea, usukani ukarudi wenyewe. Huko chini tairi lilikuwa limeikumbatia ardhi kama mtu aliyelalia mto.

"Likiwa mwendoni huwa afadhali, shemeji," alisema shemeji, na safari hii hakutania.

"Kichochoroni kwangu nitapata wapi mwendo?"

Mwanawe alikuwa ameshafika mlangoni. "Shuka, Mama. Niachie mimi."

Alisema haraka, kama mtu aliyelala na maneno hayo kinywani. Meja akashuka. Kijana akapanda, akakaza taya, mishipa ya shingo ikamtoka, usukani ukazunguka. Mama yake akamtazama kupitia dirishani.

"Ulijua," alisema. "Ulijua sitauweza."

Kijana akazima injini. "Nilijua."

Shemeji akakumbuka ghafla kwamba ana pampu ya kushughulikia kule mwisho wa ua.

"Ile dawa ya bega, Mama, harufu yake inapita chini ya mlango kila jioni. Na siku ile kilimani ulichelewa kuurudisha usukani. Nilikuona. Sikujua nikuambieje."

"Ukaona tairi ndilo liniambie."

"Nikaona likuambie, ndiyo."

Meja alitaka kukasirika. Ila kilimani alichelewa kweli. Matairi yalikuwa yamekwisha, lakini mkono nao ulichelewa, na hilo hakumsimulia jirani yeyote. Akaufuta usukani kwa ncha ya kitambaa chake, ingawa haukuwa na vumbi.

"Shemeji!" aliita. "Njoo uvue hii mito yako. Nifungie membamba."

"Yatalia, shemeji. Kwenye lami utadhani unafukuzwa na nyuki."

"Yaache yalie. Wateja watajua nimefika. Na kwenye matope?"

"Kwenye matope hayana mchezo. Yanakata yanashuka mpaka yapate ardhi ngumu. Mapana yangeelea juujuu."

"Sasa hayo mbona hukuyasema mwanzo?"

"Si uliniambia nipunguze maneno?"

Wakarudi nyumbani na ule mvumo wa matairi, hawasikiani. Kichochoroni Meja alipunguza mwendo, akazungusha usukani. Ulikuwa mzito, lakini ulikuja. Akasimama, akavuta pumzi, akauzungusha tena, akarudi kinyumenyume hadi ndani ya geti bila kuligusa tangi. Bega lilikuwa linawaka moto. Akazima injini.

"Kesho kuna ule msiba ng'ambo ya kilima," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Mvua ikinyesha, kilima utapanda wewe. Hapa mtaani ninaendesha mimi."

"Sawa."

"Siku nitakayoshindwa hata hapa, nitakuambia kwa mdomo wangu. Ukiona kabla yangu, niambie kwa wako. Usimtume mtu, wala tairi."

"Sawa, Meja."

"Meja ni wa wateja. Wewe niite Mama."

Kijana akacheka, akaruka chini. Meja alibaki kitini kidogo, ameushika mkono wake kama mzigo wa mtu mwingine. Kisha akamwita.

"Ile dawa iko juu ya kabati. Ilete unipake, mkono haufiki nyuma. Na mlango uache wazi."