Basi la Vibarua, Ijumaa ya Vumbi

Vumbi la Doha lina harufu ya ukuta mkavu uliokwanguliwa, na upepo ukivuma hukukaa kooni hata ufunge madirisha yote. Msimu ule wa joto tuliishi Al Mansoura, katika chumba kimoja: baba, mama, mimi na mdogo wangu Salumu, mwenye pumu. Baba aliendesha lori kwenye ujenzi wa mji mpya wa Lusail. Akishaondoka alfajiri, simu yake haikupatikana mpaka arudi. Mama alikuwa ametoka Tanga mwaka uleule, na Kiarabu chake kilikuwa cha sala tu. Mgeni kipofu, ingawa ana macho.

Ijumaa moja asubuhi Salumu aliamka kifua kikipiga filimbi. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Mama alipiga simu kuita gari la wagonjwa. Akaulizwa jengo na mtaa kwa Kiarabu, naye akabaki kusema "Mansoura, Mansoura" mpaka simu ikakatika. Akamkumbatia mtoto, tukakimbilia kituo cha basi. Hatukujua kwamba Ijumaa asubuhi, siku ya mapumziko huko, mabasi ni ya kubahatisha. Teksi zilipita zimejaa, mama akizipungia mkono na kulia. Midomo ya Salumu ikawa rangi ya majivu.

Kituoni tulimkuta Luz, jirani yetu Mfilipino, amevaa gauni la kanisani, maana Doha Wakristo nao husali Ijumaa. Mama akamshika mkono. "Dada, mwanangu ananifia!" Nikafungua mdomo nimtafsirie kwa Kiingereza, lakini Luz alikwisha kumwona mtoto. Aliwahi kunisimulia kwamba mjini kwao magari ya abiria husimama popote mtu anaponyosha mkono. Doha haikuwa hivyo. Hata hivyo, basi jeupe la kubeba vibarua lilipotokea, alishuka barabarani akasimama katikati, mikono juu. Breki zikalia. Dereva akatoa kichwa dirishani akifoka kwa Kiingereza.

"Jamani, tusaidieni!" mama akapiga kelele.

Aliposikia Kiswahili, dereva akaacha kufoka. Alikuwa Mkenya. "Mama, mtoto ana nini?"

"Hapumui, baba!"

"Panda! Panda haraka! Wakinifuta kazi, wacha wanifute."

Vibarua wakatupisha viti. Mama alisoma Yasini kwa sauti iliyokatikakatika, Luz akibana rozari yake, nami nikaushika mguu wa Salumu, nikitazama kifua kikizama chini ya mbavu na kuomba kiinuke tena. Kuna mara moja hakikuinuka. Mama akatoa ukelele ambao sijausikia tena maishani. Kisha kikainuka, kidogo mno, na mlangoni mwa hospitali manesi wakamchukua mikononi mwa mama.

Salumu alipona. Dereva hakungoja shukrani. Baba alimtafuta kwa wiki nyingi, mwisho akaambiwa amerudishwa kwao. Kwa kosa gani, hakuna aliyetuambia. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na rafiki yule hatukujua hata jina lake.

Leo nafanya kazi Doha hiyohiyo, na treni hupita chini ya Al Mansoura, baridi na safi, mpaka karibu na hospitali ileile. Haina dereva. Mimi hukaa behewa la mbele, penye kioo, nikatazama reli ikija gizani, na moyo huniuliza: mama mwenye mtoto anayekata roho, leo atamlilia nani asimame?