Fundi wa Asmara na viti vya kupigia picha

Ukungu haujaondoka mtaani, na Mebrahtom Okubazghi amepiga magoti mbele ya kiti cha magurudumu. Anang'oa gurudumu alilolifunga kwa mikono yake mwenyewe. Ni gurudumu jembamba, jepesi, na spoku zake zimekazwa sawasawa. Kwenye baiskeli ya mashindano lingekuwa fahari ya mwenyewe. Mebrahtom analitupa kwenye pipa la chuma chakavu.

"Usinipige picha nalo," ananiambia mimi mwandishi. "Picha tulishapiga za kutosha."

Mebrahtom, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, ni fundi baiskeli. Siku nzuri hupata kama nakfa mia mbili, siku mbaya hurudi nyumbani na mafuta ya mnyororo kwenye kucha tu. Lakini kila mwaka, mvua zikikatika, yeye na wenzake wa klabu, waoka mikate, maseremala na walimu, hukanyaga baiskeli siku mbili kwenda Adi Rigat, makazi ya kilimani ya wapiganaji waliopoteza viungo katika vita vya uhuru wa Eritrea.

Kabla ya safari hupita madukani na kwenye baa za kahawa wakichangisha. Sisi wa Asmara tuna ugonjwa huu: hata bahili, akiombwa na mtu aliye juu ya baiskeli, mkono unaingia mfukoni wenyewe. Michango ilinunua viti vya magurudumu, na kila kiti kilipita kwanza kwa Mebrahtom.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona. Mebrahtom amelelewa kwenye mashindano. Aliona matairi manene, akayabadilisha kwa membamba. Aliona breki za chuma, akazing'oa kwa kuwa ni nzito. Akalainisha beringi za magurudumu hadi kiti kikawa kinateleza kwa kusukumwa na kidole. Wenzake walimsifu, na mji mzima ukamsifu.

"Kila uzito niliopunguza niliuhesabu kuwa sadaka," anasema.

Kila walipofika, wapiganaji waliwapokea langoni wamekaa kwenye viti vinavyometameta, wakipiga makofi. Picha zilipigwa. Kahawa ilipikwa, lakini waendesha baiskeli walikunywa kikombe kimoja wakaaga, maana njia ya kurudi ni ya kupanda. Kwetu kahawa ni vikombe vitatu, na anayeondoka kabla ya cha tatu ameiacha baraka mezani. Walisamehewa. Wageni wametoka mbali.

Mwaka jana mvua ilichelewa kukatika. Waliaga kama kawaida, wakafika mtoni, wakakuta maji yamefunika daraja. Wakageuza, na hakuna aliyetangulia kupeleka habari.

Huko Adi Rigat hawakutarajiwa. Wale waliowapungia mkono muda mfupi uliopita walikuwa chini, kwenye tope. Mzee mmoja alijikokota kwa viganja, vipande vya tairi kuukuu vimefungwa mikononi kama viatu, huku akikisukuma kiti kitupu kwa bega kuelekea ghalani. Ndani ya ghala viti vingine vilikwisha kupangwa. Mwanamke mmoja alikuwa akivifunika shuka.

"Nilidhani wanaviiba," anasema Mebrahtom. "Nilikuwa tayari kukasirika."

Hakuna aliyekuwa anaiba. Viti vilitolewa wageni wakija, vikarudishwa wageni wakiondoka. Miaka yote hiyo.

Usiku ule vikombe vitatu vilinywewa. Ilikuwa kwenye cha tatu ambapo yule mwanamke wa shuka, Tsehaytu Habtezion, mpiganaji aliyekatwa miguu yote miwili na bomu la kutegwa ardhini, aliamua kusema.

"Kaka, usilie. Kiti chako kina mbio," alimwambia. "Nilikiendesha mara moja tu. Kikanipeleka bondeni, na mimi sikuwa na safari ya bondeni."

Kiti kilimtupa kwenye mipungate, miiba ikamjaa mgongoni na mkono wa kulia ukavunjika. Ukaunga umepinda. Kabla ya hapo Tsehaytu alishuka kwa viganja hadi barabarani kuuza karanga, na jioni akapanda mwenyewe. Tangu mkono upinde, alikuwa hajatoka nje ya lango. Karanga zake sasa zinauzwa na mwingine. Wenzake walipoona hayo, nao hawakuvikalia tena viti ila wageni wakija.

Mebrahtom alimuuliza kwa nini hawakusema.

"Mtu amekanyaga baiskeli siku mbili kwa ajili yako," Tsehaytu alimjibu. "Utamwambiaje kwamba zawadi yake imekuvunja mkono?"

Mimi mwenyewe nilichangia viti vile, na moja ya zile picha niliiandikia maelezo.

Waliporudi Asmara klabu ilitaka kugawanyika. Baadhi walisema jambo lizikwe, mji ukijua hautachanga tena. Mebrahtom hakuwasikiliza. Alisimama kwenye baa moja ya kahawa wanakochangisha akaeleza yote, na kuna waliomwacha akiongea wakatoka nje. Kisha akaomba lori, viti vikarudishwa karakanani.

Tsehaytu alikuja navyo. Ndiye aliyeketi juu ya gunia nyuma ya fundi asubuhi hii, akikagua kila nati. Breki mbili za kwanza alizikataa. Tairi nene lilipofungwa alilibonyeza kwa kidole, akasema hilo angalau lina adabu.

Lakini hajakikalia kiti chochote, na ameweka sharti. Siku klabu itakapovipeleka Adi Rigat, Mebrahtom atakalia cha kwanza na kushuka mteremko ule wa langoni uliomvunja Tsehaytu mkono, peke yake, miguu imefungwa kamba ili asiweze kuitua chini. Akifika barabarani salama, Tsehaytu atafuata na kikapu cha karanga. Asipofika, viti vyote virudi Asmara.

Mebrahtom amekubali. Kamba ataifunga Tsehaytu mwenyewe.

"Nimeshuka milima ya nchi hii kwa baiskeli tangu utotoni," anasema fundi, akizungusha gurudumu jipya na kulisimamisha kwa breki. "Ule mteremko ni mfupi. Lakini naogopa, sikufichi."

Tsehaytu anamtazama kutoka kwenye gunia.

"Afadhali," anasema. "Ulipovitengeneza vile vya kwanza hukuogopa hata kidogo."