Mate ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipokuja Jumapili ile alibeba kikombe chake mwenyewe mkobani. Akakitoa kwenye leso na kukiweka mezani pangu, mbele ya macho yangu. Ala! Nyumba hii ya Gahanga nimeijenga na mwanawe, jasho langu limo, leo vikombe vyangu vimekuwa najisi.

Kosa ni kwenda naye kwa daktari. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, jicho moja linaona ukungu tu, na mume wangu yuko kazini. Nani mwingine angenishika mkono? Daktari akaeleza kwamba kinga ya mwili wangu imenigeuka, inakula utando unaofunika mishipa ya fahamu. Nikauliza imeanzaje. Akasema kuna kirusi cha jamii ya herpesi kinachoshukiwa sana, kinapita kwenye mate. Karibu kila mtu mzima anacho, wengi wamekipata utotoni, ila wachache sana ndio huja kuugua hivi. Kwa nini hao na si wengine, bado haijulikani.

Mama mkwe alisikia neno moja tu: herpesi. Kwake huo ni ugonjwa wa malaya. Hatujafika hata getini, ameshaniuliza nilikuwa na nani huko Tanzania nilikokulia. Wiki haijaisha, ukoo mzima unajua. Nilimchukia, sifichi.

Sasa alikuwa amekuja kumchukua binti yangu, ambaye hata miaka miwili hajatimiza.

"Mtoto ataenda na mimi," akasema, kwa Kiswahili chake cha Bujumbura. "Hapa iko ugonjwa."

Mume wangu akatazama viatu vyake. Mfuko wa nguo za mtoto ulikuwa mlangoni. Kaufunga mume wangu mwenyewe, mimi nikiwa kitandani.

Nikamimina pombe ya ndizi kwenye bilauri. Huku kwetu anayekukaribisha huonja kwanza, ujue hajakutilia sumu. Nikaonja, nikamsogezea.

"Karibu, Mama."

Hakuigusa. Kwa desturi yetu hiyo, alikuwa ameniita mchawi bila kufungua mdomo.

Mtoto akaanza kulia njaa. Bibi yake akachukua kiazi kitamu, akakiuma, akakitafuna taratibu mpaka kikalainika, akakitoa kwa vidole na kumtia mjukuu wake mdomoni, kama alivyozoea kumlisha tangu alipoanza kula. Nikacheka, kicheko kibaya.

"Kweli nyani haoni kundule! Mama, daktari alisema mate. Hayo uliyomlisha ni nini, maji ya baraka? Kirusi hicho huenda unacho wewe, na mwanao huyu anacho. Mimi labda nilikipata kwa bibi yangu, aliyenitafunia ndizi. Haya, mchukue! Utampeleka kwa nani asiye na mate?"

Akanikata jicho. Mume wangu ndipo akainua kichwa. Akauchukua ule mfuko, akaurudisha chumbani. Mama mkwe akafunga kikombe chake kwenye leso, akaondoka bila kuaga.

Nilikuwa nimeshinda. Lakini hata barabarani hajafika, woga ukanishika. Nikajikokota na mguu wangu mbovu hadi kwa binti yangu, nikampanua kinywa, nikaingiza kidole kukitafuta kile kiazi. Alikuwa ameshakimeza.